Aliyeizamisha Gari Njia ya Uzi

Hapana, usinambie Unguja haina milima. Najua. Nimezaliwa Mkunazini, nimesoma skuli hapa hapa, na mlima mkubwa nilioupanda utotoni ni ngazi za nyumba ya bibi yangu. Lakini wewe uliyekaa juzi pale Malindi, karibu na bandari, tunapopaki, ukawachekesha wenzio kwamba gari ya fowili, ya kupita njia mbovu, kisiwani kwetu ni mapambo, na dereva anayeogopa njia za shamba bora akaendeshe vespa, mie nlikuskia. Hilo ningelipitisha. Kilichonifanya niweke chini ndoo niliyobeba ni pale uliposema Mzee Makame aliizamisha gari ya ofisi njia ya Uzi kwa sababu uzee ulimwingia, hajui tena kuhesabu maji. Mkacheka nyote. Na mmoja wenu hata hajapata kumwona huyo mzee.

Sikukupiga. Wanaonijua wanajua nlivyojizuia. Nimekwenda nyumbani nikaanza kuandika haya kwenye simu, kwa kidole kimoja, na yakimalizika ntayatuma kwenye kundi letu la madereva ili msome na nyinyi mlioanza kazi juzi. Nna miaka thelathini na nne na nshastaafu. Cheka. Mwezi uliopita nimerudisha ufunguo kwa hiari yangu, na sababu ni hofu. Nimeendesha miaka kumi na mbili na nimeogopa kumi na moja, ila zamani hofu ilikuwa ikikaa tumboni, sasa imeshuka mguuni, na dereva ambaye mguu wake wa klachi unacheza wenyewe hafai kubeba watu.

Sikwenda skuli ya udereva. Nimejifunza kwa pikapu ya mjomba wangu, ikiwa imejaa saruji, breki zake za kuomba dua. Leseni nliifata baadae, na hilo msiniulize. Kwa hiyo siku ya kwanza nlipochukuliwa na ofisi, ile inayopeleka manesi na dawa vijijini, nlijiona mie ndiye dereva na wengine wote abiria. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili ndani kabisa ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye makapu lazma mmoja arudi nyuma. Gari inayokwenda kila pahala haikupata hata mara moja kufika mlangoni kwake. Tulikuwa tukipakia masanduku ya chanjo na mizani ya watoto kwenye mkokoteni, tunausukuma mpaka Malindi, ndiyo safari inaanza. Nusu ya nguvu zetu ziliishia kabla ya kutia ufunguo.

Mzee Makame ndiye aliyekuwa dereva mkubwa. Mtu wa Kizimkazi, mfupi, mkimya, kofia yake haijapata kukaa upande. Siku ile tulikuwa tunakwenda Charawe, na zamani zile ukitoka kwenye lami unaingia maweni, mawe ya matumbawe yaliyokauka, makali kama chupa iliyovunjwa. Nikatia gia niingie. Akanambia nizime. Akanambia niteremke. Halafu akaniambia nitembee mbele mpaka kwenye ule mwembe wa pili nikarudi, nimwambie nimeona nini.

Nlikwenda nimenuna. Nikarudi nikamwambia nimeona mawe.

"Mangapi yatakukata mpira?" akaniuliza.

Akanirudisha. Nlikwenda mara tatu juani, mpaka nikaweza kumtajia jiwe moja moja, lipi lipitiwe juu, lipi lipishwe. Huo ulikuwa utaratibu wake: njia ambayo hujaitembea kwa miguu, huiendeshi. Nlimchukia wiki nzima. Baadae nikaona wenzangu wa ofisi nyengine wanavyolala njiani na mipira iliyochanika, nikaacha kumchukia.

Alinifundisha vitu ambavyo hamtavikuta kwenye kitabu cha gari. Kupunguza upepo kwenye mipira kabla ya kuingia maweni, ili mpira ulilalie jiwe badala ya kupigana nalo. Kushona mpira uliochanika ubavu kwa mshipi wa kuvulia na sindano ya magunia, ukakufikisha lamini. Kubeba mbao ya kuweka chini ya jeki, kwa sababu jeki juu ya matumbawe huteleza na gari ikakushukia. Kubeba turubali. Na kile kijiti kidogo pembeni ya gia kubwa, kinachotia nguvu mipira yote minne, kukitia kabla hujakihitaji. Ukingoja mpaka ushakwama, umechelewa. Siku hizi mnabonyeza kitufe. Alhamdulillahi, lakini kitufe hakikuoneshi shimo.

Mashimo ndiyo yaliyonifundisha hofu. Mwaka wa pili, masika, tunatoka Muyuni tunapita njia ya ndani, mpira wa nyuma wa kulia ukazama ghafla. Nlidhani tope. Kumbe tumevunja paa la pango. Maweni chini yake kuna mapango, hilo mnalijua, lakini kulijua ukiwa umekaa juu yake ni mambo mengine. Skiza: jiwe lilimeguka chini ya mpira, likaanguka, na mie nikaskiza lifike chini. Nikaskiza. Sikuliskia likifika. Mzee Makame alikuwa kando yangu, akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, nisikanyage chochote, nipumue tu. Akawateremsha manesi mmoja mmoja kwa mlango wa kushoto, akaivuta gari pamoja na watu wa shamba aliowaita, kwa kamba ya mkonge, mie ndani peke yangu. Nlipotoka nlitapika. Hakunicheka. Akanambia dereva asiyetapika siku kama ile hakuelewa kilichotokea.

Basi nikawa mtu wake. Mtu akimsema vibaya ofisini nnagombana naye. Mara mbili nimeitwa na mkubwa kwa sababu hiyo, na mara zote mbili Mzee Makame ndiye aliyenikaripia zaidi.

Sasa Uzi. Wengi wenu mtapita kwenye daraja linalojengwa, likimalizika, soksi kavu, inshallah. Kwa hiyo nieleze. Uzi ni kisiwa kidogo kusini, na baina yake na Unguja Ukuu palikuwa na njia ya mawe imepita katikati ya mikoko. Maji yakipwa unapita kwa gari, polepole, kama dakika ishirini za kutikiswa mpaka meno. Maji yakijaa, njia hakuna. Haionekani hata ilipokuwa. Upana ni wa gari moja, pa kugeuzia hapana, na kandokando ni tope la mikoko lisilo na mwisho.

Mzee Makame alijua maji kwa mwezi. Kila siku ya mwezi ina saa yake ya kujaa na saa yake ya kupwa, na kila siku moja inasogea mbele kwa kama robo tatu ya saa. Alikuwa akihesabu kwa vidole: leo mwezi sita, yaani siku ya sita tangu uandame, basi tuwe tushavuka saa fulani. Hajapata kukosea. Najua mtasema kwenye simu mna jadweli ya maji. Mna. Nlikuwa nayo mfukoni siku ile. Sikuifungua, kwa sababu kuifungua simu mbele ya Mzee Makame ilikuwa ni kumwambia simwamini, na mie ningekatwa mkono kabla ya kumfanyia hivo.

Ilikuwa sikukuu ndogo, ya baada ya Ramadhani, Jumamosi. Mwaka ule tulikuwa na Idi mbili kama mnavyojua inavyotokea: wengine wanafata mwezi ulioonekana kwengine duniani, wengine wanangoja uonekane hapa. Kwetu Mkunazini tulisali Jumatano. Wengi wa mji walisali Alkhamisi. Watu hutaniana, pilau inaliwa siku mbili, na maisha yanaendelea.

Asubuhi simu ikaja kutoka Uzi. Mkwezi wa minazi, kijana anayeitwa Mcha, ameanguka, paja limevunjika, hawezi kuguswa. Zamu ilikuwa yangu na nesi wetu Bi Zuhura. Mzee Makame alikuwa kwa mwanawe Kikwajuni, kitandani wiki nzima na homa, hata sala ya Idi hakwenda. Na macho yake yalishaanza ukungu, mawe hakuwa akiendesha tena, anakaa kando yangu na kunielekeza. Ningeweza kumwacha alale. Nlikwenda kumtoa kitandani, kwa sababu sikupata hata mara moja kwenda Uzi bila yeye, na nliogopa. Huo ndio ukweli. Akavaa kanzu yake ya Idi, akaja.

Kwenye gari akaniuliza leo mwezi ngapi, siku zimemchanganyikia kitandani.

Nikamwambia nne.

Nlihesabu kwa kwetu. Wala sikufikiri. Ukiulizwa jina lako unafikiri? Akahesabu vidole vyake, akasema tuwe tushavuka kurudi saa tisa na nusu.

Kwenda tulipita pakavu. Tulipofika, mama yake Mcha hataki aondolewe mpaka aje mtu wao wa kuunga mifupa, Bi Zuhura anambembeleza, jamaa wanabishana, na mie nnatazama saa na kujiambia tunao wakati. Mwisho mama akakubali. Tukamfunga Mcha kwenye ubao kwa kanga sita, kiunoni, kifuani, miguuni, asitikisike hata kidogo. Tukamlaza nyuma sakafuni, Bi Zuhura kamshika kichwa. Saa tisa kamili tukaingia njiani.

Mwanzo wa njia ukitokea Uzi ni pa chini. Palikuwa pamelowa. Nikasema ni mabaki ya asubuhi. Tulipofika kama thuluthi, nikaona maji yanapita juu ya mawe mbele yangu, membamba, yanatoka kushoto kwenda kulia, kimya kabisa. Nikatazama kioo. Nyuma hakukuwa na njia. Kulikuwa na mistari miwili ya mikoko na maji katikati yake.

Mzee Makame hakuona, macho yake. Lakini aliskia mipira ikibadilisha sauti.

"Sele. Kwenu mlisali lini?"

"Jumatano, mzee."

Akatazama mikono yake.

"Kwetu pilau ililetwa Alkhamisi," akasema. "Basi leo mwezi tatu."

Maji yametutangulia robo tatu ya saa. Kwa barabara ya lami ni kitu gani? Kwa njia ile ilikuwa ndiyo njia yenyewe. Nyuma yangu kuna mtu amefungwa kwenye ubao kwa mafundo niliyoyafunga mwenyewe, na hata kuogelea hawezi kujaribu.

Mzee Makame akanambia nisimame nisizime. Tukashuka mbio, tukafungua mkanda wa feni usije ukarusha maji kwenye mota, tukaifunika pua ya gari kwa turubali. Maji yalikuwa yakinifika kwenye vifundo nlipoanza kufunga, na katikati ya shavu la mguu nlipomaliza. Nikarudi ndani. Yeye hakurudi. Alivua makubadhi, akakunja kanzu mpaka kiunoni, akasimama mbele ya gari.

"Nifate mgongo," akasema. "Na ukiingia majini usitoe mguu kwenye mafuta. Usibadilishe gia. Chochote kitakachotokea."

Mtu wa homa, macho ya ukungu, akaanza kutembea. Alikuwa akiitafuta njia kwa nyayo. Anapapasa kwa mguu wa kulia, anapapasa kwa wa kushoto, anajua hapa ni mgongo wa njia, hapa ni ukingo, anasogea. Na mie nyuma yake, gia ya nguvu, mwendo wa mtu anayetembea, namtazama mgongo tu kwa sababu kitu chengine cha kutazama hakikuwepo. Maji yalimfika magotini. Yakamfika mapajani. Nliogopa nitamkanyaga. Nliogopa nitamwacha. Nlikuwa nikisoma kila sura niliyohifadhi chuoni, na nnakosea aya.

Nyuma nikaskia Mcha anauliza, "Bi Zuhura, hayo maji yapo nje au ndani?"

"Nje, baba," Bi Zuhura akamjibu. Halafu akanambia mie, kwa sauti ile ile ya mtu anayeomba chumvi, "Sele, viatu vyangu vinaelea."

Alikuwa amekaa chini ameunyanyua ubao kwa magoti yake.

Mbele nikaanza kuona watu. Wa Unguja Ukuu walituona, wamekuja ukingoni na kanzu zao za sikukuu, na wengine wanaingia majini. Palibaki kama kutoka pale Malindi mpaka bandarini. Na hapo Mzee Makame akateleza. Mgongo niliokuwa nikiufata ukapotea. Maji tu, na kofia yake inaelea.

Aliniambia chochote kitakachotokea. Nliskia. Lakini nlizungusha sukani. Nliizungusha kulia ili nisimkanyage, mpira wa mbele ukatoka kwenye mawe, ukakosa chini, na gari ikalala ubavu taratibu kama ng'ombe anayekaa. Mota ikazima. Maji yakaingia kwa dirisha.

Ya baadae nayakumbuka vipande. Bi Zuhura ameshika ubao juu ya kichwa chake. Mikono ya watu, mingi, inautoa ubao kwa mlango wa nyuma, Mcha anapita juu ya mabega amefungwa vile vile, anatazama mbingu. Mzee Makame anasimama mwenyewe, anakohoa, nyayo zake zimechanwa mpaka maji kandokando yake yamebadilika rangi. Cha kwanza alichouliza ni kama mgonjwa ametoka. Tulipokaa ukingoni gari ilikuwa imebaki ubavu tu juu ya maji.

Mcha yuko hai. Anachechemea, hapandi tena minazi, ana duka Uzi. Hilo hamkulisimulia pale Malindi.

Wiki ile ile tukaitwa ofisini, ghorofa ya pili, mie na Mzee Makame, miguu yake imefungwa bendeji. Mkubwa akauliza nani aliyehesabu maji. Mzee Makame akasema ni yeye. Akaulizwa alihesabu mwezi ngapi, akasema nne. Akaulizwa ulikuwa mwezi ngapi, akasema tatu. Hakusema aliambiwa na nani. Mie nimekaa kando, mie ninayegombana na kila mtu kwa kila kitu, nnaitazama kalamu yao tu. Wakaandika. Wakamwambia akapumzike, na wakamshukuru kwa kazi yake ya miaka yote, kwa dakika moja hivi.

Nlimkamata kwenye ngazi. Nikamwambia narudi juu sasa hivi kusema. Akanishika kifua kwa kiganja, ngazi zile nyembamba hakuna pa kupita.

"Mie macho yanakwisha, wangenitoa mwaka huu au ujao," akasema. "Wewe wakikutoa leo, wale watu watapelekwa na nani? Maadamu unashika ufunguo, funga mdomo. Nataka ahadi."

Nikampa. Nliitekeleza miaka minne. Kila safari ya maji mguu ulikuwa ukitetemeka, na kila mtu akilitaja jambo la Uzi nlitoka nje. Mkadhani nnamwonea haya yule mzee. Nlikuwa nnajionea haya mwenyewe.

Sasa ufunguo nshaurudisha. Mwezi alioutaja alipewa na mie. Sukani iliyozunguka ilikuwa mkononi mwangu. Yeye alihesabu sawasawa kwa alichoambiwa, na akatembea majini na nyayo zake ili sisi watatu tutoke. Andikeni hivo. Semeni hivo.

Wiki iliyopita nlikwenda kumtembelea Kizimkazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanijua kwa sauti, kwa sababu macho sasa hayaoni kabisa. Tukanywa chai. Akaniuliza vijana wa Malindi wanamsemaje siku hizi. Nikamwambia wanamsifu. Akatabasamu, akasema nimsalimie kila mmoja.

Ijumaa nnakwenda tena, na ataniuliza. Mara hii nimjibu nini?